Kufuli Tatu na Wimbo Mmoja

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipanda ngazi za bureau, ofisi ya Maître, nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, na vilikuwa vinanibana vibaya sana. Ilikuwa Butembo, juu ya duka la magodoro. Maître alikuwa avoka, yaani wakili, wa wafanyabiashara, mtu mfupi wa miwani minene, na alikuwa anatafuta mwandishi wa mashine. Hakuniomba diplôme. Aliniangalia tu.

"Unajua kuandika bila kukosea?"

"Minajua, Maître."

"Na kunyamaza?"

Nikanyamaza. Akangoja, nami nikaendelea kunyamaza, mpaka akapasuka kwa kicheko. "Bon. Kazi umeipata, Mama Masika. Kaa pale."

Ninyi vijana mnaoniuliza kila mara nilifanya kazi gani, nawajibu hivi: nilikuwa mchunga siri. Msicheke. Nusu ya maisha yangu nimelishwa na siri za watu wengine, na watoto wangu wamesoma kwa kazi hiyo. Wengi wenu mnafikiri siri ya biashara ni kitu chochote ambacho patron, bosi wenu, amesema msikiseme. Mmekosea kabisa, na hata mimi nilifikiri hivyo mpaka saa nne ya siku ile ile ya kwanza.

Saa nne aliingia mama mmoja mwenye hasira, mtengenezaji wa kasikisi, ile pombe yetu ya ndizi. Alitaka jirani yake ashtakiwe kwa kumwibia siri. Maître alivua miwani, akaipangusa, akamwuliza maswali matatu. Mimi nilikuwa naandika, ndiyo maana nayakumbuka mpaka leo.

"Ile kitu, ni nani anaijua?"

"Mimi, na jirani yule mwizi."

"Inakuletea faida kwa sababu bengine habaijue?"

"Ndiyo! Kasikisi yangu inakaa siku nyingi bila kuchacha."

"Na wewe ulifanya nini juu ya kuichunga?"

Hasira ya mama ikashuka. Baadaye akasema, polepole, kwamba huwa anapika kwenye uwanja, kila mtu anapita, na jirani alikuwa anamshikia chujio. Maître akarudisha miwani machoni. "Mama, nenda nyumbani. Jenga ukuta kwanza, njo urudi kwangu."

Mama alipotoka, Maître alinieleza kwa sauti ya mwalimu. Mbele ya sheria, siri ya biashara ni lazima ipite milango mitatu. Mlango wa kwanza: isiwe inajulikana na watu wa kazi hiyo, wala wasiweze kuipata kirahisi. Wa pili: iwe na thamani kwa sababu hiyo hiyo, yaani wengine wakiijua, faida yako inapungua. Wa tatu: mwenyewe awe amefanya bidii ya kweli kuilinda. Ukikosa mlango mmoja, umekosa yote. Basi nikayaandika maswali yale kwenye karatasi, nikaibandika kando ya mashine ile.

Kwa Maître nilikaa miaka mingi. Kisha mteja wake mmoja, Directeur wa nyumba ya kukausha papaini, akaniomba kwake, na Maître akakubali huku akinung'unika kama mtu anayeazimisha jembe lake zuri.

Niwaeleze papaini, maana siku hizi mnapanda kakao tu. Papai bichi, likiwa bado mtini, unalichana ngozi kidogo asubuhi na mapema. Linatoa maziwa meupe, unayakinga kwenye kitambaa. Maziwa hayo yakikaushwa yanakuwa unga, na unga huo ndio papaini, unaokwenda ng'ambo kwa watengeneza dawa na walainisha nyama. Shida iko kwenye kukausha. Moto ukizidi, unga unakufa nguvu, mnunuzi anaupima na kuurudisha. Moto ukipungua, unaoza na kunuka. Watu wengi Butembo na Beni walikuwa wanajaribu, na unga wao ulikuwa mwekundu kama matofali. Wa Directeur ulikuwa mweupe.

Sababu ilikuwa ngazi. Ndani ya tanuri yake alijenga vidaraja saba. Maziwa yakiwa bado majimaji, sinia ya wavu iliyotandikwa kitambaa inakaa daraja la chini, karibu na makaa yaliyofunikwa majivu. Kadiri yanavyokauka, sinia inapanda daraja moja, mbali zaidi na moto, mpaka inafika juu karibu baridi. Naweza kuwaambia bila woga. Mtaona kwa nini.

Directeur alikuwa mzee wa kanisa letu, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Siku aliyonikabidhi kazi alinipeleka mbele ya tanuri, akafungua mlango, akaufunga haraka.

"Umeona?"

"Nimeona, Directeur."

"Sasa ichunge. Mutu asijue."

Eh, nikaichunga! Niliweka kufuli tatu: moja kwenye mlango wa tanuri, moja kwenye kabati la karatasi, moja kwenye coffre, sanduku la chuma lenye daftari la vipimo. Kila mfanyakazi alitia sahihi karatasi ya ahadi, kwamba hatatoa nje yale anayoyajua, hata akiacha kazi. Wageni walikaribishwa chai kwenye bureau, tanuri hawakuliona. Kila aliyechukua ufunguo aliandika jina na saa. Maître alikuja siku moja kukagua, akazunguka, akarudi amefurahi. "Mama Masika," akasema, "ningekuwa na siri, ningekuletea."

Nilivimba kwa furaha wiki nzima. Lazima niseme pia kwamba Jumapili nilikuwa mwandishi wa paroisse, parokia yetu ya Kiprotestanti, naandika kitabu cha ibada: nani kahubiri, nani katoa ushuhuda, matoleo ni nini. Na nilikuwa naimba kwenye chorale ya wamama, sauti ya pili. Shikeni hilo.

Chef wa tanuri alikuwa Kasereka, Mkatoliki mpole, mikono yake imejaa alama za moto. Hakuwa na haja ya saa. Aligusa unga kwa kidole, akajua wakati wa kupandisha sinia. Mimi na yeye tulitaniana kila siku, yeye akiniita Gendarme kwa sababu ya funguo zangu. Baadaye Directeur alifungua kituo cha kununulia maziwa ya papai Beni, akanituma kukisimamia. Nikahamia Beni na funguo zangu, na Kasereka akabaki Butembo na ufunguo wake wa tanuri. Kisha nikasikia ameacha kazi. Aliacha vizuri: alirudisha ufunguo, alirudisha daftari, akatia sahihi. Majina ya wanunuzi wa ng'ambo hakuyagusa. Nilirudi Butembo nikahakikisha mwenyewe, karatasi kwa karatasi.

Haikupita miezi mingi Kasereka akatokea Beni. Alikuwa amejenga nyumba ndogo ya kukausha, nje kidogo ya mji. Mabati yake aliyatoa juu ya nyumba yake mwenyewe, mke na watoto wakalala chini ya nyasi, wakicheka kwamba wamerudi kwa babu. Ndani kulikuwa tanuri. Ndani ya tanuri kulikuwa vidaraja saba.

Directeur alipopata habari, alikuja Beni siku ile ile kwa moto, yaani pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alishtaki. Tribunal, mahakama yetu, ikaweka scellés, ile kamba na karatasi ya kufunga mlango, kungoja hukumu. Mapapai ya wakulima majirani wa Kasereka yakakaa mtini bila kuchanwa, maana maziwa ya papai hayangoji, yanaoza siku moja. Akishindwa, tanuri linabomolewa na yeye mwenyewe anaweza kufungwa. Mke wake alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti bila kusema kitu, akanywa chai, akaondoka. Nilijisikia vibaya sana, lakini nilijiambia: sheria ni sheria, na kufuli zilikuwa zangu.

Mimi ndiye niliyekuwa shahidi mkubwa. Ni nani mwingine angeeleza mlango wa tatu, ule wa kulinda?

Siku moja kabla ya kesi kusikilizwa, nilikuwa nachambua lengalenga kwenye jiko langu, naimba. Kila mtu anaimba akichambua mboga. Nikafika kwenye kiitikio, mkono ukasimama hewani. Nilikuwa naimba hivi:

*Chini karibu na moto nilianza,*
*majivu yakanifunika nisiungue.*
*Ngazi ya Yakobo, daraja saba,*
*kila nikikauka napanda juu.*

Jamani! Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, na lengalenga.

Sasa nilikumbuka yote. Miaka ya nyuma, kwenye sikukuu ya mavuno, wakati kila mmoja anapeleka malimbuko na kutoa ushuhuda, Directeur alisimama mbele ya kanisa. Unga wake wa kwanza mweupe ulikuwa umekubaliwa ng'ambo. Alikuwa analia kwa furaha. Na kwetu ushuhuda hautolewi nusu nusu: ukimshukuru Mungu kwa mtoto, unaeleza mimba tangu mwezi wa kwanza. Basi alieleza alivyoomba siku tatu, alivyosoma habari ya ngazi ya Yakobo, na namna Mungu alivyomwonyesha vidaraja, majivu, sinia inayopanda. Alionyesha nafasi kati ya daraja na daraja kwa mikono yake mirefu. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni, na nusu ya watu walikuwa wakulima wa papai. Wamama wa chorale wakapenda maneno yale, wakatunga wimbo. Tuliupeleka Kayna kwenye ziara ya chorale. Tuliupeleka Kasugho, na huko mama mmoja aliniuliza kama vidaraja saba ni lazima au hata vitano vinatosha. Nilimjibu vitano vinatosha. Mimi! Gendarme wa kufuli tatu! Yaani nilifunga mlango siku sita, na siku ya saba nikaimba kilichomo ndani, tena kwa sauti ya pili.

Nilikwenda kwa Directeur jioni ile, pale alipofikia. Nilimwambia wazi. Alinisikiliza, kisha akainua mikono.

"Ile ilikuwa ushuhuda! Nilikuwa nasema na Mungu!"

"Ulisema na Mungu, Directeur, lakini batu balisikia. Na mimi niliandika."

"Kasereka ni Mukatoliki. Hakukuwa kanisani. Aliijua kwangu, kwa kazi yangu."

"Ni kweli. Lakini swali la kwanza halimuulize Kasereka. Linauliza kama ile kitu ingali siri."

Akatembea chumbani, akarudi, akasimama mbele yangu. "Kesho batakuuliza juu ya kufuli. Jibu juu ya kufuli. Ya kanisa, hakuna mutu anajua kuiuliza. Umesikia, Mama Masika? Kazi yako iko kwangu."

Nilisikia. Nilirudi nyumbani nikiogopa kweli kweli, nawaambia bila haya. Nilikuwa mjane, watoto wawili walikuwa chuoni. Na nilimpenda yule mzee, alinizikia mume wangu kwa heshima. Lakini nilikuwa nimemwona mke wa Kasereka akinywa chai.

Asubuhi tribunal ilijaa. Maître, avoka wa Directeur, alikuwa amekuja kutoka Butembo na toge, joho lake jeusi, amezeeka kidogo. Hakujua lolote la kanisa. Kasereka alisimama peke yake, hakuwa na avoka, alisema tu, "Kazi ya mikono yangu, mutaikata mikono?" Président wa tribunal, hakimu mkuu, mama mmoja mkali mwenye sauti ndogo, akaniapisha.

Maître akaniuliza juu ya kufuli. Nikajibu. Akauliza juu ya ahadi zilizotiwa sahihi, juu ya daftari la funguo, juu ya chai ya wageni. Nikajibu yote, na niliona Directeur anaanza kupumua. Maître akainama, akakaa, ameridhika na mwanafunzi wake.

Président akageuza karatasi. "Mama, uko na kitu ingine ya kusema?"

Ni swali ambalo huulizwa kila shahidi. Wengi hujibu hapana, wakaenda kula. Nilimwangalia Directeur. Nilimwangalia Maître, nikaona ile karatasi ya maswali matatu kando ya mashine.

"Niko nayo, Madame la Présidente," nikasema. "Inaimbwa."

"Inaimbwa namna gani?"

Basi nikaimba. Niliapa kusema kweli yote, na kweli yote ilikuwa na beti tatu. Nilianza na ubeti wa kwanza. Kwenye kiitikio, nawaapia, mama mmoja nyuma ya chumba akaingia na sauti ya kwanza, kisha mwingine, halafu karani wa tribunal mwenyewe akawa anatikisa kichwa. Président akagonga meza.

"Ninyi kule nyuma, mumejua wimbo huu wapi?"

"Kanisani, Madame. Hata kwetu Manguredjipa banauimba."

Nikatoa kwenye kikapu kitabu cha ibada cha miaka ile, nilichohamia nacho Beni, nikafungua ukurasa, nikampa. Alisoma mstari kwa mstari. Maître alivua miwani yake, akaipangusa. Nilidhani amenikasirikia. Aliporudisha miwani, niliona anauma mdomo asicheke. Directeur alikuwa anatazama viatu vyake.

Hukumu ilitoka baada ya siku chache, na nilipenda namna ilivyoandikwa, maana ilikuwa na utaratibu. Ilisema Directeur alilinda tanuri lake vizuri, na kwamba kwa mlango wa tatu hana lawama kwa upande wa wafanyakazi wake. Lakini mwenyewe aliitoa njia ile mbele ya watu wa kazi hiyo, bila kuwaomba waifiche, na tangu hapo ilijulikana kutoka Kayna mpaka Kasugho. Kitu kilichokwisha kujulikana hakirudi kuwa siri kwa sababu umekifungia mlango nyuma yake, wala ahadi ya kuficha haimfungi mtu kwa kitu hicho. Majina ya wanunuzi, ilisema, yangali siri halali, na Kasereka hakuyagusa. Na ule ujuzi wa kidole chake, wa kugusa unga na kujua wakati, ulikuwa wake, hauwezi kuwekwa kwenye coffre ya mtu. Scellés ziliondolewa mchana ule ule. Nilikuwepo. Kasereka aliivuta kamba mwenyewe, mke wake akapiga vigelegele, na wakulima waliokuwa wanangoja barabarani wakakimbia kwenda kunoa visu.

Mimi nilikwenda kufunga mizigo yangu. Nilipanga funguo mezani, nikangoja barua ya kunifukuza. Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Directeur hakunisalimu, hakuniandikia. Wiki ya tatu akaingia bureau yangu ya Beni, akaketi bila kukaribishwa.

"Uliniaibisha."

"Nilikuaibisha, Directeur. Nisamehe kwa ile. Ya kusema, siombi musamaha."

Akasogeza kiti karibu na meza. Kisha akazisukuma funguo, zikarudi upande wangu. "Mutu anayesema kweli hata mbele yangu, huyo nitamupa nini achunge kama si siri? Fungua daftari mupya. Kuna kitu nimevumbua, cha kukamua maziwa bila kuyachanganya na uchafu. Andika. Na kufuli ongeza moja."

Niliandika. Nilifanya naye kazi mpaka nywele zangu zikawa nyeupe kama ule unga.

Vijana huniuliza kama sikupoteza maisha yangu, kukaa mlangoni kwa mali ya mtu mwingine. Sikupoteza. Nilijifunza kwamba siri ya biashara ni kama uzio: unamlinda aliyelima, na unaonyesha pia mpaka wa shamba lake, asichukue la jirani. Mwenye kujua mpaka analala vizuri. Mimi nalala vizuri sana, mnaweza kuwauliza wajukuu wangu jinsi ninavyokoroma. Mashamba ya papai yamepungua, barabara ya Beni imetusumbua wote, lakini tanuri la Kasereka linawaka hadi leo, na nyumba yake ina mabati mapya.

Jumapili ya kunishukuru nilipoacha kazi, paroisse ya Butembo ilijaa. Maître alikuja na fimbo yake. Kasereka alikuja na mke wake, Wakatoliki wawili kwenye benchi la mbele, wamekaa wima. Wakati wa ushuhuda Directeur akasimama, mzee sasa, lakini sauti ni ile ile.

"Ndugu zangu," akasema, "Mungu amenionyesha kitu kipya!"

Kanisa zima likainama mbele. Wamama wa chorale wakaangaliana. Kasereka, yule mpole, akatoa kalamu ya bic mfukoni.

Directeur akafungua mdomo. Akageuka, akaniona. Nikainua funguo zangu kidogo tu, zikalia.

"Na ninamshukuru sana," akasema. "Amina."

Akakaa. Watu walicheka mpaka mchungaji akalazimika kuanzisha wimbo. Mwandishi mpya wa paroisse aliniuliza kwa kunong'ona aandike nini kwenye kitabu cha ibada, nikamwambia andika hivyo hivyo alivyosema. Funguo nilizirudisha kesho yake, nikatia sahihi. Ahadi niliyoitia sahihi zamani ingali inanibana, kwa hiyo msinisumbue juu ya kile kitu kipya. Ile ya vidaraja saba, mnayo. Kaeni vizuri, niwape sauti ya pili.